Somo Ndani ya Kontena

"Fundisha."

Mdomo wa bastola ulimwelekea kifuani.

Firdausi alikuwa na kipande cha chaki mkononi na ubao mweusi mgongoni. Mbele yake walikuwapo wanaume wawili, na nyuma yao mlango wa chuma uliopigwa komeo kwa ndani. Dirisha halikuwapo. Mlango wa pili haukuwapo. Kontena hutengenezwa kubeba mizigo, na mzigo hauombi pa kutokea.

"Nifundishe nini?" aliuliza.

"Ulichosema unakijua. Misingi ya mifumo. Historia ya kompyuta. Bon! Kama weye ni mwalimu, somo halitakushinda. Kama siye..." Mwenye bastola aliinua mabega. "Makere ina mashamba mengi ya mihogo. Nafasi haikosekani."

Aliitwa Nsengimana, na watu wake walimwita Injinia. Alivuka mpaka mapema mwaka huo wa 2015, katikati ya msafara wa watu waliokimbia na watoto mgongoni na masufuria kichwani. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa akikimbia. Alikuwa akiwafuata. Shati lake jeupe lilipigwa pasi, saa yake ilikuwa Seiko, na bastola yake ilikuwa Makarov iliyotunzwa vizuri kuliko watoto wa watu wengi.

Wa pili alikuwa Tharsisi, mlinzi, Muha wa Nyakitonto, kipande cha mtu. Huyu alishika bunduki, SMG yenye kitako kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Nje, hapo Makere karibu na kambi ya wakimbizi, ilikuwa siku ya soko. Juu ya kontena kulikuwa na kibao: KOMPYUTA KWA WOTE. TUNACHAJI SIMU. Jenereta ya Yamaha ilinguruma tangu asubuhi, na watu wa kambini na wa vijijini walikuwa wameshaacha simu zao mlangoni, kwa bei ya kutupa, wakaenda zao sokoni.

Simu hizo sasa zilijaa kwenye meza ndefu. Nokia, Itel, Tecno, kila moja na waya wake. Nyaya zote zilikusanyika nyuma ya kompyuta moja ya Toshiba.

Na katika safu ya mwisho kulikuwa na Tecno iliyofungwa mgongo kwa kipande cha kitenge cha njano.

Firdausi alijitahidi asiitazame.

Ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Rosa, mkimbizi. Binti yake Rosa, Vestina Niyomwungere, alikuwa mtangazaji wa redio ng'ambo ya mpaka, hadi siku alipoona watu wakipakiwa kwenye lori na kumtambua aliyetoa amri. Jumatatu alikuwa ayaseme hayo Arusha, mbele ya majaji. Mpaka siku hiyo Idara, yaani ofisi ya ujasusi aliyoitumikia Firdausi, ilikuwa imemficha Murungu, wilaya ya Kibondo, katika nyumba ambayo hata Firdausi hakuambiwa ni ipi. Idara ilimkataza Vestina kumwandikia mtu yeyote.

Akamwandikia mama yake. Nani angemlaumu?

Asubuhi ile Firdausi aliamshwa na ujumbe: "Shangazi anaulizia mihogo ya Makere. Isikauke." Maana yake ilikuwa fupi. Kazi waliyoiandaa ni leo, na mtu asife. Akapanda Honda XL kutoka Kasulu, akajifanya mwalimu mpya wa kozi ya kompyuta, akaingia kontenani kuiba simu moja. Hesabu yake ilikuwa kuingia, kuchukua na kutoka.

Aliingia. Komeo likalia nyuma yake.

Mkononi alivaa Casio iliyopitia kwa mafundi wa Idara. Ukibonyeza kitufe cha pembeni mara mbili, Mkuu wake, Evaristi, aliyekuwa ndani ya Land Cruiser nyuma ya mashine ya kusaga, alipaswa kusikia kila neno. Firdausi alikuwa ameshabonyeza. Hakujibiwa. Chuma cha kontena kilimeza mawimbi yote. Bastola yake, Browning, nayo ilikuwa chini ya tandiko la pikipiki, kwa sababu mwalimu wa kompyuta akipekuliwa mlangoni hapaswi kukutwa na Browning.

Aliogopa. Tusidanganyane, jasusi asiyeogopa yuko kwenye sinema tu. Joto la bati lilimshika kooni, na akili yake ikampigia kelele kwamba hapa hatoki.

Akageuka, akaandika neno moja ubaoni.

MFUMO.

"Mfumo ni mkusanyiko wa sehemu zinazotegemeana na kufanya kazi pamoja kwa lengo moja," alisema. "Ukiondoa sehemu moja, nyingine zinayumba. Chukua mashine ya kusaga. Unatia mahindi, mawe yanasaga, unga unatoka. Mahindi ni ingizo. Kusaga ni uchakataji. Unga ni tokeo."

"Hata mtoto anajua," Nsengimana alisema.

"Basi mwanafunzi wangu hatashindwa swali. Meza hii nayo ni mfumo. Taja ingizo lake."

Nsengimana alicheka. Aliwahi kufundisha chuoni, na mtu aliyewahi kufundisha hawezi kunyamaza mbele ya swali analolijua. Isitoshe alishapiga hesabu zake. Huyu mwanamke akiwa jasusi, atazikwa na alichokisikia. Akiwa mwalimu, atatishwa kidogo na kulipwa anyamaze.

"Ingizo ni simu."

"Uchakataji?"

"Programu yangu, nimeiandika kwa mkono huu. Inaingia simu moja baada ya nyingine, inasoma ujumbe wote, inatafuta mtu mmoja."

"Hifadhi?"

"Diski ya hapa ndani."

"Tokeo?"

Injinia alitabasamu. "Ujumbe mmoja tu. Unakwenda Kibondo. Kule niko na vijana wawili na pikipiki. Ukiwafikia, wana jina la kijiji. Kazi yao wanaijua."

"Nani anautuma?"

"Hakuna. Unajituma. Nimepitisha waya wa antena juu ya paa. Mimi hata nikilala, kazi inafanyika. Huo ndio uzuri wa mfumo, madamu."

Kumuua Nsengimana kusingesaidia kitu. Kompyuta ingeendelea kutambaa kutoka simu hadi simu, bila hasira wala haraka, mpaka kwenye kitenge cha njano.

"Na mpaka wa mfumo?"

"Hiki chuma." Alikigonga kwa kitako cha bastola.

"Na nje ya mpaka?"

"Mazingira. Akina mama na betri zao. Hayo hayanihusu. Tosha! Historia."

Firdausi alivuta pumzi. Usiku kucha kwa siku mbili alikuwa amekariri historia hiyo, na sasa uhai wake ulikuwa umening'inia kwenye majina ya wazungu waliokufa zamani.

"Mtu alianza na vidole," alisema. "Vikamwishia, akahamia kwenye kokoto, kisha kwenye fremu ya shanga. Mwaka 1642 kijana wa Kifaransa, Pascal, alitengeneza mashine ya magurudumu ya kujumlisha. Baba yake alikuwa mkusanya kodi, na kijana alimhurumia kwa jinsi alivyokesha na hesabu."

"Endelea."

"Baadaye Mfaransa mwingine, Jacquard, mfumaji, akatoboa matundu kwenye kadi. Kadi zikaiambia mashine ifume ua gani kwenye kitambaa. Mwingereza Babbage akaona kadi zile, akasema kama zinaweza kuamuru uzi, zitaamuru namba. Akachora mashine yenye sehemu mbili kuu. Moja aliiita ghala, pa kutunzia namba. Ya pili aliiita kinu, pa kuzichakata."

"Babbage aliimaliza mwaka gani hiyo mashine?"

Swali lilitoka laini kama la mtu anayeuliza bei ya vitunguu. Makarov ilipanda kidogo.

Firdausi alimtazama usoni. "Hakuimaliza. Alikufa ikiwa michoro."

"Vizuri," Nsengimana alisema, akiwa kama amekosa kitu kidogo alichokitamani.

"Halafu Marekani," Firdausi aliendelea. "Sensa ya mwaka 1890. Watu walikuwa wengi, makarani walikuwa wanazeeka kabla ya kumaliza kuhesabu. Hollerith akamgeuza kila mtu kadi yenye matundu. Tundu hili umri, tundu hili alikozaliwa. Mashine ikazipitia kadi, kazi ikaisha mapema. Ndipo dunia ilipojua kwamba mashine inaweza kumchambua mtu kutoka kwenye umati bila kumwona uso." Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza kwa hasira, na hakuizuia. "Mashine haikuuliza anatafutiwa nini. Mpaka leo haiulizi."

Macho yake yakateleza hadi kwenye Toshiba. Safu ya kwanza ilikuwa imeisha. Ya pili ilikuwa nusu.

"Mwaka 1946, ENIAC. Tani karibu thelathini. Taa za kioo elfu kumi na nane, na hazikuacha kuungua..."

"Inatosha." Nsengimana alishusha bastola. "Tharsisi, fungua mlango madamu apate hewa. Huyu ni mwalimu."

Firdausi aliweka chaki chini.

Tharsisi hakusogea. Alikohoa.

"Bosi. Samahani, bosi. Huyu si mwalimu."

"Kwa nini?"

"Hajaandika tarehe." Tharsisi alinyoosha kidole kwenye pembe ya juu ya ubao. "Miye nimesoma mpaka la saba pale Nyakitonto. Mwalimu akiingia, kitu cha kwanza anaandika tarehe. Halafu mahudhurio. Waliopo, wasiokuwepo. Hata kama anakuja kuchapa tu, lazima aandike. Huyu kaanza juu juu."

Firdausi aligeuka taratibu. Pembe ya ubao ilikuwa tupu, nyeusi, safi.

Yeye mwenyewe alikaa madarasani miaka kumi na mitatu Kasulu, na kila siku ya miaka hiyo ilikuwa imeandikwa pembeni pale. Pascal alimkumbuka. Tarehe ikamponyoka. Jamani, kufa kwa ajili ya tarehe!

Nsengimana hakutoka shule za Tanzania, lakini uso wa mtu aliyekamatwa aliujua vizuri.

Kofi lilimpeleka Firdausi chini.

Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakamfunga mikono nyuma kwa kilichokuwapo, yaani nyaya za chaja. Tharsisi alikaza, akakaza tena. Casio walimwachia. Mwanamke na saa yake, nani angewaza?

Nsengimana alichukua redio ya Motorola iliyounganishwa na antena ya paa.

"Kibondo, Kibondo."

"Kibondo anasikia."

"Mko wapi?"

"Sheli."

"Injini?"

"Imezimwa. Tunangoja."

"Msiende hata kununua maji. Ujumbe ukiingia, mnaondoka."

"Sawa, Injinia."

Akaweka redio, akavuta stuli, akakaa mbele ya kompyuta mgongo ukiwa kwa Firdausi. Hakuwa na haraka naye. Alitaka kwanza kuona jina likitokea.

Safu ya pili iliisha.

Sasa alikuwa amebanwa hasa. Mikono nyuma, chuma pande zote, SMG ikimtazama. Na mbele ya macho yake mfumo ulikuwa ukitembea kumfuata msichana ambaye kosa lake lilikuwa moja tu, kumkumbuka mama yake. Firdausi alitamani kulia. Akaona ni afadhali afikiri.

Ondoa sehemu moja, nyingine zinayumba. Alikuwa amelisema mwenyewe.

Miguu haikuwa imefungwa.

Chini ya ubao, karibu na mguu wake, kulikuwa na ndoo ya maji ya kulowekea tambara la kufutia. Karibu nayo, sakafuni, ilikuwa ekstensheni iliyotoa umeme wa jenereta kwenda kwenye meza nzima.

Aliipiga ndoo teke, akakunja miguu kwenye kiti.

Maji yakaruka. Cheche. Kishindo kidogo, harufu ya plastiki iliyoungua, na nje jenereta ikakata mngurumo katikati.

Giza. Feni ikasimama.

Nsengimana akacheka gizani. Uso wake uliwaka kwa mwanga wa Toshiba, ambayo haikuzimika.

"Betri, madamu. ENIAC haikuwa nayo. Hii inayo." Akaigonga skrini. "Safu ya tatu. Umejichosha bure."

Alikuwa sahihi. Kompyuta ilisoma simu nyingine, ikaihama, ikashika nyingine. Firdausi alifumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu aingie Idara, aliamini kwamba ameshindwa, na uchungu wake ulikuwa mkubwa kuliko hofu.

Ndipo aliposikia.

Jenereta ilipokuwa ikinguruma, dunia ya nje haikuwapo. Sasa ilikuwapo.

"Umeme umezima!"

"We Tharsisi! Fungua tuchukue simu zetu!"

"Miye gari la Nyakitonto linaniacha hapa!"

Ngumi zikaanza kugonga chuma. Mtu ukimwambia simu yake inachajiwa, atazunguka sokoni hadi jioni kwa amani. Ukizima jenereta, atakuwa mlangoni kabla hajameza mate, kwa sababu anajua wajanja wa mjini na betri za watu. Hapo Injinia alikuwa amepata kitu ambacho kila mfumo hupata, atake asitake. Mrejesho.

"Waambie wangoje!" Nsengimana alifoka.

"Hawatasikia, bosi. Watavunja. Siku ya soko hii."

"Fungua kidogo. Mwambie wa mbele fundi anakuja. Na hiyo silaha usiiachie, unanielewa? Ibaki mkononi, nyuma ya mlango."

"Ego, bosi. Nimeelewa."

Tharsisi alivuta komeo. Mlango ulifunguka upana wa mtu mmoja, na jua la Makere likaingia kama moto. SMG aliificha nyuma ya mlango, mkono wa kulia, kama alivyoagizwa.

Kule kwa Waha, anayetangulizwa mbele ya foleni ni mzee. Aliyesimama mlangoni alikuwa bibi mwembamba, kitenge cha njano kiunoni, fimbo mkononi.

Rosa.

Hakujua chochote. Alikuwa amekuja kuchukua simu.

Tharsisi alimtazama. Bibi alimtazama Tharsisi, akangoja, kama wanavyongoja wazee wote wa nchi ile, aliye mdogo aanze.

Hapa ni lazima msomaji wa mbali aambiwe jambo. Muha aliyelelewa akalelewa hamsalimii mtu aliye sawa na mama yake kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika kitu. Anainama, anakutanisha viganja, anapiga makofi taratibu, na macho anayashusha chini. Na salamu yenyewe si neno moja. Inapita kwa watoto, inapita kwa mifugo, inafika shambani, na hakuna anayeikata katikati. Ukiikata, huyo mama atauliza wewe ni mtoto wa nani, na jina litakaloaibika si lako.

Tharsisi aliua watu wawili mwaka ule. Kumsalimia mama wa watu kwa mkono mmoja hakuweza.

Akaiegemeza SMG ukutani.

Akainama. Pa. Pa. Pa.

"Mwakeye, mawe," alimwamkia, na mawe kwa Kiha ni mama.

"Mwakeye neza, mwana wanje," Rosa alimjibu kwamba ni vizuri, mwanangu.

"Abana baraho?" Akaulizia watoto.

"Baraho. Bako baraho?" Wapo, naye akawaulizia wa kwake.

Nyaya za chaja zina sifa moja mbaya kwa mtu anayefunga watu. Zinateleza, hazishiki fundo. Firdausi alikuwa ameshazungusha viganja vyake tangu giza lilipoingia, ngozi ikachubuka, na sasa mkono wa kushoto ukatoka.

Wa kulia ukafuata.

"Tharsisi!" Nsengimana aligeuka kwenye stuli. "Silaha! Tharsisi!"

Tharsisi alisikia. Shingo yake ilikakamaa. Lakini salamu ilikuwa imefika kwenye mbuzi.

Firdausi aliinuka na kiti kizima, akakirusha. Makarov ililia. Risasi ikapasua ubao pale palipoandikwa MFUMO. Alikuwa ameshateleza juu ya maji, bega likapiga ukuta, na mikono yake ikakutana na chuma cha SMG. Hakulenga. Aligeuza kitako chenye mpira wa baiskeli na kukishusha kwenye kifundo cha mkono wa Injinia.

Mfupa ulivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Makarov ikaanguka chini ya meza.

"Chini! Wote wawili! Kifudifudi!"

Nje watu walitawanyika wakipiga mayowe. Rosa hakukimbia. Alikuwa ameshakimbia risasi mara nyingi mno maishani mwake. Alikaa chini tu, palepale mlangoni, akafunika kichwa.

Firdausi aliitazama kompyuta.

Kitenge cha njano. Taa ndogo ya Tecno ilikuwa ikimetameta. Kwenye skrini, herufi nyekundu:

VESTINA. IMEPATIKANA. INATUMA.

Mstari wa kijani ulikuwa ukijaa kutoka kushoto kwenda kulia.

Alidaka waya wa antena, akaukata kwa kuuvuta kwa mikono yote miwili, na modemu ikatoka pamoja na kipande cha meza. Mstari wa kijani ukasimama. Lakini ulikuwa umesimama karibu na mwisho kabisa, na hakuna mtu ndani ya kontena, hata aliyeandika programu, aliyeweza kujua kama ujumbe umefika au haujafika.

Mlango ulikuwa wazi. Akabonyeza Casio mara mbili.

"Kabati, Kabati, hapa Ufunguo," alimwita Evaristi kwa jina la kazi.

Saa ikakwaruza. "Ufunguo! Ulikuwa wapi? Nimesikia risasi."

"Ndani ya chuma. Mkuu, kuna wawili Kibondo, sheli, wana pikipiki. Wakipata ujumbe, msichana amekufa. Haraka!"

"Subiri."

Akasubiri. Nsengimana, shavu kwenye maji, alikuwa akitabasamu. Tharsisi alilala karibu naye, macho yamefumbwa. Firdausi akamwomba Mungu kwa Kiha, lugha aliyokulia nayo dukani kwa baba yake, bila kujua kama alisema kwa sauti au la.

Saa ikakwaruza tena.

"Ufunguo. Tunao wote wawili. Boxer moja, Itel moja. Vijana wetu walikuwa hapo barabarani tayari."

"Simu yao?"

"Iko mkononi mwa kijana wetu. Haikulia."

Firdausi aliegemea ukuta.

"Ilikosea wapi?" Nsengimana aliuliza kutoka sakafuni. Alikuwa na maumivu makali, lakini alitaka kujua kweli. "Programu ilikuwa safi. Umeme niliufikiria. Antena niliifikiria."

"Ulihesabu simu, nyaya na betri," Firdausi alimjibu. "Tharsisi hukumhesabu. Ulimwajiri na malezi ya kwao, ukadhani umeajiri bunduki tu."

Tharsisi hakufumbua macho. "Angekuwa mama yangu," alinong'ona, "ningefanyaje?"

Land Cruiser ilifika ikiwa imefunikwa vumbi, na Evaristi akashuka na vijana wanne. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kanisani. Aliamuru pingu, akaamuru diski itolewe, kisha akamvuta Firdausi kando.

"Simu ya mama ina jina la kijiji?"

"Inalo."

"Basi isibaki nzima. Kambini kuna macho mengine. Na usimweleze mbele za watu."

"Mkuu, ndicho kitu pekee alichonacho cha binti yake."

"Najua." Evaristi alimtazama, na hakuwa mtu mbaya. "Jumatatu si mbali. Amri."

Firdausi aliichomoa Tecno kwenye waya. Kabla ya kuizima alisoma ujumbe wa mwisho, ule uliokuwa karibu kumuua aliyeuandika. Ulikuwa wa mistari mitatu. Kisha akatoka mlangoni, akaiweka kwenye kizingiti cha chuma, na kuiponda kwa kitako cha SMG hadi ikawa vipande, pamoja na laini.

Rosa alipiga ukelele.

"Simu yangu! Weye, nimekukosea nini? Miye nimekosea nini nyinyi watu? Mwanangu yuko humo! Anaongea humo!"

Watu walikuwa wameanza kurudi. Walimtazama Firdausi kama wanavyomtazama mwizi wa kuku, na bibi mmoja akamtemea mate miguuni. Firdausi alimnyanyua Rosa, akamkumbatia kwa nguvu kama mtoto wa ndugu aliyepotea siku nyingi, akaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Yu hai, mama. Usimtafute. Jumatatu washa redio, utamsikia."

Rosa alitulia mikononi mwake. Mwili wake ulikuwa mwepesi, na Firdausi alingoja maswali ambayo asingeweza kuyajibu. Yuko wapi, yuko na nani, nani anamtaka.

Rosa hakuuliza hayo.

"Anakula?"

Katika miaka yote ya kazi hiyo hakuna swali lililowahi kumfika Firdausi hivyo.

"Anakula, mama. Ameandika leo asubuhi. Anasema maharage ya huko yanaiva vizuri, na wewe usiache kula."

Rosa alijitoa taratibu, akampangusa Firdausi vumbi begani kwa kiganja chake, akaokota fimbo. Vipande vya simu hakuvitazama tena. Akaanza kutembea kurudi kambini, akiwapita watu waliokuwa bado wanapiga kelele kuhusu simu zao.

Firdausi alimpa kijana wa Evaristi SMG, akafuta chaki kwenye vidole, akafunga mtandio vizuri. Mkuu alimwita kutoka kwenye Land Cruiser, kulikuwa na maelezo ya kuandika, sahihi za kuweka.

"Kesho, Mkuu," alisema bila kugeuka.

Honda iliwaka kwa teke la kwanza, na akaingia barabara ya Kasulu.